Zamu ya Kushoto

Baba alikuwa mgawa maji wa mfongo wetu, Uru.
Alfajiri, jembe begani, tochi mdomoni,
alizibua huku, akaziba kule kwa magome ya mgomba na tope,
na kila kihamba kilijua saa yake.
Hata kile cha mjane Epifania, kule mwisho kabisa,
ambako maji yalifika yamechoka, upana wa vidole viwili.
"Zamu ni zamu," alisema.

Namkumbuka saa tisa hii ya usiku.
Mkunde ananitafuta kwa mdomo gizani,
nawe, wa kushoto, umenyamaza
kama nyumba ambayo wenyewe wamehamia Dar.

Kovu lako ni mundu mdogo uliolala kando ya chuchu.
Nyuzi saba. Nilizihesabu kwenye kioo cha wodini, Moshi mjini,
miaka ishirini na mmoja, bila mume, bila mtoto,
na uvimbe wa kokwa la parachichi ndani ya chupa ya maabara.
Daktari alisema: si saratani.
Nikashuka ngazi nikicheka peke yangu,
nikanunua ndizi za kuchoma,
sikuuliza ni mirija mingapi imeondoka na uvimbe.
Ningeulizaje?
Titi lilikuwa langu tu. Halikuwa la mtu mwingine bado.

Siku ya tatu baada ya kujifungua
mwenzako wa kulia alifunguka hadi nikalowesha shuka.
Wewe ulijaa. Ukawa jiwe, ukawa moto.
Maziwa yalikuja mbio, yakakuta ukuta,
yakarudi ndani kunitia homa.
Mama mkwe, Bibi Apolonia, alinifunga majani ya kabichi,
na kila bakuli la mtori alilonipa
lilikuwa na swali chini yake.
Jirani Pulkeria hakuficha lake:
"Maziwa yaliyopita kwenye kisu ni machungu.
Mtoto atayakataa."

Siku ya kumi mzani ulisema Mkunde amepungua.
Nesi Restituta hakunyanyua nyusi. Akaandika kwenye kadi.
"Kikombe si aibu, mwongezee kwa kikombe.
Ila huyu wa kushoto usimsuse.
Mpe mtoto, hata kama ni kwa kusalimiana."

Kwa kusalimiana, basi.
Usiku hadi usiku, dakika kumi kwako,
kisha mwenzako, kisha kikombe cha bluu
na kopo la dukani lililokula hela ya mbolea.
Nilikuchukia, nikwambie kweli.
Nilikuchukia huku nimekushika kwa kiganja kizima
kama mtu anayemshika mbuzi asiyetaka kamba.

Wiki ya tano, tone.
Halikutoka katikati. Lilitoka ukingoni,
kwenye kitundu ambacho kisu hakikukijua.
Bibi Apolonia akaleta taa ya simu.
Akachovya kidole, akaonja,
akakaa kimya, kimya kirefu kuliko tone lenyewe.
Asubuhi nilimsikia kwenye uzio wa masale
akimwambia Pulkeria kwa sauti ya kumfikia hata padri:
"Matamu! Nimeonja mimi!"

Sitadanganya kwamba mto umerudi.
Ni kijiko cha chai kwa siku nzima, pengine pungufu.
Kikombe cha bluu bado kinaanikwa dirishani.
Lakini siku hizi Mkunde akishiba kwa mwenzako
hugeuka, huja kulala kwako,
mdomo wazi,
mundu ule umemgusa shavu na haumkati.

Baba hakuwahi kuuliza maji yale ya Epifania
yalitosha kumwagilia nini.
Alitembea mpaka mwisho na jembe lake, akazibua.

Haya, amka. Saa tisa.
Zamu yako.